Majivu Kwenye Vitalu Kumi na Vinane

Nina hasira za karibu. Najua, wala sihitaji kukumbushwa. Lakini msimu ule hata mtu mpole angepandisha. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwanafunzi wa kilimo wa mwaka wa mwisho hapa Lubumbashi, na nilikuwa nimekwisha kurudia mara mbili. Mara ya kwanza baba aliugua, nikaacha masomo nimuuguze mpaka alipotuacha. Mara ya pili mvua ilikatika mapema, na jaribio langu lote likakauka likiwa limefika magotini. Kanuni ya kitivo chetu haikuwa na maneno mengi: ukishindwa mara ya tatu, jina lako linafutwa. Basi. Unarudi nyumbani na makaratasi yako ya miaka yote, na hayakusaidii kitu.

Jaribio langu la tatu lilikuwa la mahindi. Nilitaka kujua naitrojeni na potasi zinafanya nini kwa aina tatu za mbegu kwenye udongo wetu huu mwekundu, ambao mvua inauosha kila mwaka. Naitrojeni ni urea, zile chembe nyeupe ambazo kila mkulima wa huku anazipenda, kwa sababu ukizitia leo, wiki ijayo mahindi yamekuwa marefu na ya kijani kizito, na wapita njia wanakusifia. Potasi ni ile nyekundu. Hiyo watu hawaipendi, kwa kuwa haioneshi kazi yake haraka. Inakaa ndani ya bua na kulikaza, inajaza punje mpaka kwenye ncha ya gunzi. Ukilipa hindi urea tupu bila potasi, linakimbia juu, halafu siku ya upepo linalala chini. Hayo yote yamo vitabuni. Kazi yangu ilikuwa kuona kama ni kweli hapa kwetu, na ni mbegu ipi inayoumia zaidi.

Mbegu ya kwanza ilikuwa chotara iliyotoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Ya pili ilitoka kituo cha utafiti. Ya tatu ilikuwa ya mama yangu, mahindi meupe ambayo dada yake humtumia kutoka Mitwaba, na ambayo anayatunza kuliko vyombo vyake vya harusi.

Shamba nalo lilikuwa la mama. Baba alipokufa, mama aliuacha mji, akaenda kukaa kando ya barabara ya Kasenga, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye shamba linalofika mpaka barabarani. Shamba hilo ndilo lililomlisha mwaka mzima. Nilipomwomba kipande, alisema, "Kamata yote. Miye nitalima kule nyuma, karibu na kichuguu."

Tulikata vitalu thelathini na sita, vipande vidogo vya mistari minne minne. Kila mbegu ililishwa kwa namna nne: bila kitu, urea peke yake, potasi peke yake, na zote mbili pamoja, na kila namna ilirudiwa mara tatu. Niliweka vijiti vya rangi. Kijiti cheupe maana yake hakuna mbolea, cha buluu ni urea tu, chekundu ni potasi tu, cha kijani ni zote mbili. Kila shina nililipimia kwa kifuniko cha chupa ya bia, kama tunavyofanya sote huku, nikikisawazisha kwa kidole. Mama alinisaidia siku mbili nzima, amepiga magoti kwenye udongo, akipima kwa uangalifu mpaka nikaona haya kwa haraka yangu.

Tulipofika kwenye vijiti vyeupe, akasimama na kifuniko chake mkononi.

"Na hizi za huku?"

"Hizo hazipati kitu, mama."

"Ju ya nini? Zilikosea nini?"

Nilicheka. Nilimweleza kwamba lazima tulione hindi lisilokula linakuwaje, ndipo tujue lile lililokula limefaidi nini.

"Ni kusema unazala mutoto," alisema polepole, "unamunyima chakula, kusudi uone namna atakonda."

"Ni mahindi, mama."

"Nimesikia."

Ningekuwa na akili, ningeogopa pale pale. Mama yangu akisema "nimesikia," anakujulisha tu kwamba masikio yake ni mazima. Hajakuahidi kitu.

Nilikaa mjini kwa ajili ya masomo, na kila Alhamisi nilipanda gari kwenda kuangalia. Mwezi wa kwanza baada ya kupanda, mambo yalikwenda kama vitabu vinavyotaka. Vitalu vya kijiti cheupe vilikuwa vya njano, manjano yakianzia majani ya chini na kupita katikati ya jani. Vya kijani vilinawiri. Na vile vya buluu, vya urea tupu, vilikuwa virefu na vya kutisha kwa uzuri, ila majani yao ya chini yalikuwa yameanza kukauka pembezoni, rangi ya kahawia, kana kwamba mtu ameyapitisha motoni. Hiyo ndiyo njaa ya potasi. Nilifurahi! Mwanafunzi mwenye shida ni mtu wa ajabu sana: nilipiga picha majani yanayoungua huku nikitabasamu.

Mama hakutabasamu. Shamba lilikuwa barabarani, na kila mtu aendaye sokoni aliliona. Ng'ambo ya barabara alikuwepo jirani, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori mawili na hamu mpya ya kilimo. Yeye alikuwa amepanda chotara na kutia urea, urea, urea. Kila akipita alimtania mama.

"Mama, hii mahindi ya njano, mulikosana nayo?"

Mimi nilicheka. Mama aliingia ndani.

"Bantu banapita, banaona," aliniambia baadaye. "Banasema nimekuwa mulozi wa shamba yangu miye mwenyewe."

"Waache waseme. Mama, nisikilize vizuri. Usitie kitu. Hata mavi ya kuku usitie. Ukitia, umeniua."

"Nimesikia."

Mwezi wa pili niliona jambo. Majani mapya ya vitalu vya buluu yalitoka safi. Kule kuungua kulibaki kwenye majani ya zamani, hakukupanda. Niliandika kwenye daftari langu, nikaweka alama ya kuuliza, nikajiambia labda mizizi imefika chini na kukuta potasi huko. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo. Nilitaka tu jaribio lifike mavunoni.

Halafu, mwezi wa tatu, ikaja dhoruba. Ilikuwa Jumatano saa tisa za mchana. Mjini mabati yaliruka, na mimi nilisimama dirishani mwa chuo nikiyawaza mabua yangu. Asubuhi yake nilipanda gari la kwanza. Nilipofika, jirani alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani. Shamba lake lote lilikuwa limelala, hata bua moja halikusimama.

"Angalia," aliniambia. "Angalia tu." Hakuwa na utani siku hiyo.

Nikageuka kulitazama letu. Lilikuwa limesimama.

Mungu wangu, mtu angetarajia nishangilie. Lakini nikaingia shambani kuvitafuta vijiti vya buluu. Vitalu vya kijani vilipaswa kusimama, sawa. Vya buluu vilipaswa kulala, kama vya jirani, kwa kuwa vilikula chakula kile kile. Nikavipita kimoja kimoja. Mbegu ya Zambia, imesimama. Ya utafiti, imesimama. Ya Mitwaba, imesimama. Nilisukuma bua kwa mkono, likanisukuma nalo. Nikapiga magoti, nikaupangua udongo kwenye shina.

Kijivu. Kijivu na vipande vidogo vya makaa.

Nikaenda kitalu kingine, nikapangua. Kijivu. Vitalu vyote tisa vya buluu. Nikakimbilia vyeupe: vyote tisa. Kwenye vijiti vyekundu na vya kijani, safi kabisa. Kumi na vinane, bila kukosea hata kimoja.

Sikuhitaji kuuliza yametoka wapi. Kila nyumba huku inapikia makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, na hakuna mwanamke wa rika la mama yangu anayetupa majivu. Yanaenda kwenye maboga, kwenye mahindi, penye siafu. Na majivu ni potasi. Ukichoma mti, naitrojeni inakwenda na moshi, potasi inabaki. Ndiyo maana vile vyeupe vilibaki njano hata baada ya kulishwa: vilikosa urea, na hiyo majivu hayana. Lakini vile vya buluu vilipewa kitu kile kile nilichokuwa nimevinyima kwa makusudi. Mama yangu, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, alikuwa ameutambua ugonjwa na kuutibu, na hapo hapo amelivunja jaribio langu. Bila kitalu cha urea tupu, sikuwa na kitu cha kulinganisha. Nilikuwa na shamba zuri tu.

Nilimkuta mlangoni akichambua maharage. Nilikuwa na udongo mkononi.

"Mama, hii ni nini?"

Aliuangalia. "Ni majivu."

"Nilikukataza!"

"Ulikataza. Nilisikia."

"Sasa kwa nini?"

"Majani ilikuwa inaungua. Nilivumilia juma mbili." Aliweka kapu chini. "Mwana, miye nililea batoto sita. Sijakulaka mbele ya muntu iko na njala. Kila asubui nilipita hapo na maji, niliona zile zinakula na zile zinaangalia. Siwezi. Basi nikatia. Lakini nilipima, weee! Kikopo ya tomate, moja kila shina, nikasawazisha na kidole sawa wewe. Sikupendelea hata moja."

Sikupendelea! Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia ameniua, amenifuta, miaka yangu yote ameimwaga kwenye shimo la majivu. Nikamwita mjinga. Neno hilo nililisema mimi, kwa mama yangu, mlangoni pake, na jirani aliyekuwa barabarani akageuza uso. Laiti ningeweza kulirudisha kinywani.

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Sasa utaambia profesa?"

Profesa wangu alikuwa anakuja Jumamosi kulikagua shamba. Ilikuwa Alhamisi.

"Nikimwambia, jaribio limekufa, na mimi nimefutwa," nilisema. "Jumamosi hutasema kitu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nililijua neno hilo, lakini sikuwa na lingine la kumwomba.

Ijumaa nilishinda shambani. Nilikata nyasi kavu, nikazitandaza kwenye mashina ya vitalu vyote thelathini na sita, zikafunika. Nilijiambia nahifadhi unyevu. Mama alinitazama kutoka dirishani, hakuja kunisaidia. Chakula alichoniletea kilipoa nikiwa bado nimeinama.

Profesa alifika saa tatu asubuhi, mtu mfupi mwenye kofia ya majani, mikono nyuma. Alikuwa na tabia ya kusukuma kila bua kwa kidole kimoja. Nilimfuata na daftari, nikijibu kwa sauti ambayo sikuitambua. Jirani alituona, akavuka barabara, akajiunga nasi kwa heshima zote. Mama alileta viti na maji, akabaki amesimama pembeni.

Kwenye vitalu vya buluu profesa alisukuma, akasukuma tena. Akacheka kwa furaha.

"Urea peke yake, na dhoruba ile! Mbegu zote tatu! *Bon*, basi udongo wa upande huu una potasi ya kutosha. Binti, hii ni habari kubwa. Wakulima wa barabara hii yote wanasubiri ushauri. Tutawaambia wasihangaike na ile nyekundu."

"Lakini profesa," jirani alisema, "yangu pia ni urea tu. Na imelala yote."

"Ulipanda karibu karibu mno. Punguza mashina. Urea tia vilevile, usiogope."

"Basi nitatia. Na kule Kasomeno pia, nimepata shamba kubwa kule." Alinigeukia, uso umejaa matumaini. "Asante sana, dada. Umetusaidia."

Nilijua vizuri sana kitakachotokea Kasomeno msimu ujao. Nilijua na kitakachowapata wakulima wa barabara yote. Maneno yalikuwepo, manne au matano tu, yangetosha. Nilitazama viatu vyangu. Nilimwona mama kwa pembe ya jicho, ananiangalia, anasubiri. Alinipa muda. Alinipa muda mrefu sana, mpaka profesa akaanza kuandika.

"Profesa, *pardon*," mama alisema. "Usimudanganye huyu papa jirani. Hii mahindi ilikula majivu."

Profesa alitabasamu kama mtu anayetaniwa. "Majivu gani, mama?"

"Ya mbabula yangu. Hizi zote za buluu, na zile za nyeupe. Kuja nikuonyeshe."

Aliinama, akazifagia kwa mkono zile nyasi zangu za Ijumaa. Profesa alichuchumaa. Alichota udongo, akausugua kati ya vidole, vidole vikawa vyeusi. Akavua kofia. Kisha akaniinulia macho.

"Wewe ulijua?"

Nilifungua kinywa. Naapa kuna neno lilikuwa linakuja, na mpaka leo sijui lilikuwa neno gani.

"Hakujua," mama alisema.

"Namuuliza yeye, mama."

"Anakuja mara moja tu kwa juma, atajua namna gani? Nilimuficha. Nilitia asubui, kisha nikafunika na nyasi kavu kusudi asione. Ni miye."

Hata kosa la nyasi alilichukua yeye. Jirani alitazama barabarani. Yeye alinisikia nikipiga kelele Alhamisi, alijua kila kitu, na alinyamaza. Mimi nami nilinyamaza.

Profesa alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ungekuwa ulijua ukaniacha niandike, ningekufuta leo, hapa hapa tuliposimama." Aliichana karatasi yake, akaikunja. "Lakini mtu hafutwi kwa kosa la mwingine. Msimu huu hauhesabiwi. Utapanda tena mwezi wa kumi na moja, mahali pengine. Nitakuandikia barua mimi mwenyewe." Kisha akamgeukia jirani. "Na wewe, tia nyekundu. Au mwombe mama huyu majivu."

"Asante, profesa," nilisema. Sikusema neno lingine mbele yake.

Alipoondoka, mama alikusanya viti. Nilitaka kumwangukia miguuni, nilitaka pia kumfokea, vyote kwa pamoja. Aliniuliza kama nitakula bukari, ugali wetu. Nikasema ndiyo. Tulikula.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda misa kwenye kanisa dogo la pale, mimi na yeye. Mama yangu ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, mkatoliki wa tangu kuzaliwa, na maishani mwangu mwote sijawahi kumwona akikosa kupokea komunyo, hata juma alilomzika baba. Sisi watoto alitufundisha kwamba mtu aliyesema uongo hasogei mezani pa Bwana mpaka aungame. Na pale padri anakuja Jumapili tu, anaungamisha baada ya misa.

Ilipofika wakati, watu wa benchi letu walisimama. Mama alibaki ameketi. Alikuwa mwisho wa benchi, upande wa njia, rozari mkononi, na wanawake wenzake walipompita walimtazama mara mbili. Mmoja alimgusa bega kama anamwamsha. Mama alitikisa kichwa.

Nikabaki mimi tu, niko wima kando yake. Ningeweza kuketi. Jambo hilo lilikuwa rahisi kuliko yote niliyotakiwa kufanya juma lile zima: kukunja magoti na kuketi. Lakini watu walikuwa wanatazama, na wangeuliza ni kwa nini sisi wote wawili.

Mama aligeuza magoti pembeni ili nipite.

Nilipita. Nikapanga mstari, nikafumba mikono, nikapokea. Niliporudi alikuwa bado ameketi pale pale, akasogea kidogo kunipa nafasi.